Bolti za Gari la Marehemu

Ukimaliza kusoma, mtumie ndugu yako mliyenuniana naye.

Mama mmoja wa Upareni, Bi Namsifu, alifiwa na mumewe, akabaki na wana wawili wakubwa, Elisante na Kajiru, pamoja na landrova moja chakavu. Kaburi la mume lilikuwa juu milimani, ambako basi la abiria halifiki, na miguu yake ilishakataa vilima. Macho nayo yalikuwa yanafifia. Aliwaomba wanawe jambo moja tu.

"Nipelekeni kwa baba yenu nikiwa bado naona."

Landrova ingefika. Lakini waliigombania mpaka wazee wa ukoo wakanawa mikono, kisha wakaigawana kama mbuzi. Elisante akachukua bodi na chesisi. Kajiru akachukua injini na bolti zote. Mama akiulizia safari, kila mmoja anamwambia amuulize mwenzake. Kukodi gari jingine hawakutaka; eti nani atoe chake wakati ndugu yake amekalia mali ya baba?

Kila mmoja aliogopa kuchekwa kwamba fungu lake limeoza. Basi kazi ikawa kuondoa kutu. Waliloweka vyuma kwenye siki, wakasugua kwa brashi ya waya. Siki ikaonekana inachelewa, wakahamia maji ya betri. Kajiru alizilaza bolti humo, akazisugua, akazirudisha tena. Bi Namsifu, nyumba yake ikiwa katikati ya nyumba zao, alisikia kwaru-kwaru pande zote mbili, na ilimuuma sana. Vyuma vilipata mikono minne, yeye hakupata hata mmoja.

Miaka ikaenda. Waliposikia kwamba mama hajui tena mchana wala usiku, aibu iliwashika. Wakaleta vyuma uani kwake, wakaanza kuunga gari bila kusemezana.

Halikuungika. Bolti zilikuwa zimeliwa na maji ya betri mpaka zikapwaya, hazishiki nati. Matundu ya chesisi nayo yalikuwa yamepanuka kwa kusuguliwa. Injini ikabaki chini kwenye vumbi.

Kajiru akamwekea mama bolti moja kiganjani.

"Lakini mama, tazama zinavyong'aa."

Bi Namsifu aliipapasa, kisha akamrudishia.

"Sioni, mwanangu."

Funzo: Macho ya mzazi hayangoji wanawe wapatane. Anachokuomba leo, mpe leo.