Majibu Meupe

Mchuma janga hula na wa kwao. Wengi huisikia methali hii wakadhani inamsema mwizi au mlevi. Huwasahau watu wapole, wale wanaojua lililo sawa kisha wakalimeza kwa kuogopa kalamu ya mkubwa. Karani wa maabara alikuwa mmoja wao.

Kazi yake ilikuwa kupokea majibu ya vipimo vya damu kwenye kompyuta na kuyatuma kwa wauguzi. Ndani ya kivinjari palikuwa na kiprogramu kilichopachikwa na fundi mmoja aliyekwisha kustaafu. Jibu lolote lililovuka mpaka wa hatari, kiprogramu kililipaka rangi nyekundu. Mipaka hiyo fundi aliiweka mmoja mmoja kwa miaka mitatu, nayo ilihifadhiwa katika vidakuzi, yaani vijifaili vya kumbukumbu vya kiprogramu chenyewe. Wauguzi walikuwa wawili kwa wagonjwa themanini, maana wakubwa waliona kuajiri ni hasara, lakini kununua viti vya kuzunguka ni maendeleo. Nani angepata muda wa kusoma tarakimu? Walitazama rangi tu. Nyekundu, kimbia; nyeupe, mgonjwa aende nyumbani.

Asubuhi hiyo kompyuta ilijikokota kama kobe mgonjwa. Msimamizi, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Fasta, akaja kusimama nyuma ya kiti cha karani.

“Safisha hayo makorokoro. Futa vidakuzi vyote.”

“Bosi, vingine vina mipaka ya fundi. Nipe nusu saa nivitafute, niviweke kwenye orodha ya visivyoguswa.”

“Nusu saa? Unasafisha kompyuta au unapamba bibi harusi?” Makarani wengine chumbani wakacheka. “Vyote, bibie. Kama kazi imekuchosha, huko nje kuna foleni ya wanaoitaka.”

Moyo ulimwambia asubiri. Mkono ulimwogopa Fasta, ukabonyeza.

Kompyuta ikawa nyepesi kama unyoya. Kufikia saa sita mchana karani alikuwa ametuma majibu thelathini na saba bila kusoma hata jina. Ndipo alipogutuka. Tangu aanze kazi hapo hakuwahi kuona asubuhi isiyo na nyekundu hata moja. Alifungua mipangilio ya kiprogramu. Visanduku vya mipaka vilikuwa vitupu, kama ufizi usio na meno.

Akaanza kusoma tarakimu, jibu kwa jibu. La nne lilikuwa la potasiamu: sita nukta tisa. Kiwango kama hicho huweza kuusimamisha moyo. Akatazama jina. Lilikuwa la mamake, aliyeletwa asubuhi na kitinda mimba wao kupimwa figo kama kila mwezi, akaambiwa yuko salama, arudi nyumbani.

Akampigia mdogo wake simu.

“Mdogo wangu, mama yuko wapi?”

“Amelala. Anasema miguu imemwisha nguvu. Mbona unahema hivyo, dada?”

“Mwamshe.”

“Si umwache apumzike kidogo…”

“Mwamshe, nimesema.”

Alisikia ndara zikiburuzwa sakafuni, mlango ukilia.

“Dada, amefumbua macho, lakini mkono haunyanyuki.”

“Tafuta gari. Mlete sasa hivi.”

Kabla gari halijafika, aliwapigia wagonjwa wengine watano ambao majibu yao yalistahili kuwa mekundu. Wanne walipokea. Simu ya wa tano iliita hadi ikakatika.

Fasta alikuja, uso mkavu. “Kwani ulifuta vyote?”

“Ulisema vyote.”

“Mimi nilisema usafishe.”

Karani aliwageukia wenzake waliocheka asubuhi. Kila mmoja alikuwa ameinamia meza yake.

Mama alilazwa, nyaya zikiwa zimebandikwa kifuani, mashine ikihesabu mapigo yake.

“Mwanangu,” alinong’ona, “si walisema majibu ni mazuri?”

Karani alivuta kiti. Alimshika mkono, akahesabu pamoja na mashine, akiogopa kila nafasi iliyokaa kati ya pigo na pigo. Dirishani alimwona Fasta akiondoka saa kumi, kama kawaida yake. Aliyeamuru hakuonja. Aliyejua akabonyeza ndiye aliyeandaliwa sahani, na mamake akaketishwa kando yake. Mchuma janga hula na wa kwao.