Jina la Mjukuu wa Shekue

Hapo zamani, si zamani sana, maana mitumba ilikuwa imeshajaa masokoni, Muheza kulikuwa na mnadi aitwaye Shekue. Akinadi shati, mpaka abiria wa stendi waliuliza bei.

Sauti ikaanza kukwaruza. Shekue akasema ni vumbi. Miezi mitatu akatafuna tangawizi, huku akiwafundisha wateja jinsi ya kutibu koo. "Daktari nilikuwa mimi," husema sasa akijicheka, "na mgonjwa niliyekaribia kumuua ni mimi."

Mkewe, Sikudhani, akachoka. Akaenda sokoni, akaketi juu ya furushi la nguo. "Baba Zaina, leo huuzi hata soksi mpaka uende hospitali."

Akaenda. Kwa ajili ya soksi.

Daktari Nasra, mpasuaji, akakata kinyama kooni, akakipeleka maabara. Majibu yakarudi: saratani. Akapanga kuutoa uvimbe wa kooni, basi. Lakini Bi Tabu wa maabara hakuridhika. Akakipima tena kile kinyama, akakuta protini moja imezidi mno. Akapiga simu.

"Daktari, saratani yenye protini hii mara nyingi husambaa. Chunguza tezi za shingo."

"Nimeipapasa shingo, haina kitu."

"Vidole havioni, daktari. Chunguza."

Wakachunguza. Tezi mbili zilikuwa zimeshaingiwa na saratani.

Daktari Nasra akapasua kwa muda wa saa saba amesimama, akatoa uvimbe na tezi, akamwachia Shekue uhai na sauti ya kunong'ona.

Wiki aliyoruhusiwa kutoka hospitali, bintiye, Zaina, akajifungua mtoto wa kike, akamwomba baba yake achague jina. Shekue, kwa kujiona mkarimu, akawaambia mkewe, Bi Tabu na Daktari Nasra, waliokuja kumwona mtoto: "Mtoto ataitwa jina la aliyeniokoa."

Hakujua amejitia kitanzi.

"Bila mimi," akasema Sikudhani, "angefia kwenye tangawizi."

"Bila mimi," akasema Bi Tabu, "wangesafisha koo, kifo kikabaki shingoni."

"Mmoja alimleta, mmoja akaonya," akasema Daktari Nasra. "Aliyekitoa kifo chenyewe ni nani?"

Shekue akajishika kichwa. "Nimenadi maelfu ya mashati," akanong'ona, "jina moja limenishinda."

Zaina ameshamvisha mtoto, cheti cha kuzaliwa kinangoja kujazwa. Haya, ninyi mnaonisikiliza: ni Sikudhani, ni Tabu, au ni Nasra? Je, mtoto aitwe nani?