Kiganja Cheupe katika Ramani ya Sultani

Alitawala zamani katika mji wa Zinjifuri sultani aitwaye Ruknudini, na milki yake ilikuwa pana hata akachoka kuizuru, basi akazipenda nchi zisizokuwapo. Kila alasiri wakuu wa baraza waliizunguka ramani ya kitambaa, na kila mmoja akajitwalia shujaa wa kubuni, wakarusha dadu, na Bishara binti Wardi, mchora ramani wa jumba, akawasimulia yaliyowasibu, kisha akawauliza, "Wafanyaje?"

Bishara alikuwa na desturi aliyoirithi kwa babaye: katika kila ramani aliacha mahali peupe, upana wa kiganja, ili wachezaji waseme wenyewe pana nini. Sultani hakuipenda hata kidogo.

"Bishara, umechoka au wino umekwisha?"

"La, bwana wangu. Hapo si pangu."

"Haya, kaa na weupe wako. Lakini mito yote iwe ya dhahabu!"

Bishara alimjua bwana wake akishikilia jambo, akaipaka mito dhahabu.

Masikini, hakujua kwamba katika kidau chake kipya cha wino alikaa jini, jina lake Daumari, aliyefungwa kwa kiapo aitimize haja ya kwanza itakayotamkwa wino ukiwa mbichi. Mwanamfalme Tamimu akainamia ramani, akasema, "Laiti ningeingia humu kwa miguu yangu!" Lo! Zulia lake likabaki tupu, na juu ya kitambaa akaonekana mtu mdogo kama sisimizi, anatembea.

Kwanza walicheka. Kisha wakamwona amepiga magoti mtoni, akateka kwa viganja, akatema, maana mto ulikuwa dhahabu tupu, na jua la ramani linamchoma. Waziri akanyakua birika la maji.

"Weka chini, waziri!" Bishara akapiga kelele. "Utamzamisha mtoto wa watu!"

Sultani akalia waziwazi mbele ya baraza lake. "Bishara, sina mwana mwingine. Mtoe."

Daumari akachomoza kidauni. "Aliyeingia hutoka kwa mlango. Mlango u wapi?"

Bishara akaitazama kazi yake. Alichora milima, majumba na mapango ya mazimwi, wala hakuchora mlango, kwa sababu wachezaji walipochoka waliinuka tu wakaenda kula. Akashika kalamu achore sasa. Wino umekauka!

"Hauamki ila kwa maji ya nchi ile ile," akasema jini.

"Basi nitie ndani."

"Bibi, huko hakuna maji."

"Nimekwambia nitie ndani!"

Akajikuta kando ya mto wa dhahabu, kalamu na kidau mkononi, na Tamimu amelala, midomo imempasuka.

"Niache, Bishara. Rudi."

"Nirudi nipitie wapi? Inuka!"

Akamkokota hata wakafika penye weupe, ardhi isiyo na jiwe wala jani. Daumari alikuwa akiwangoja na dadu. "Wafanyaje?"

"Hapa pana kisima."

"Rusha."

Bishara akarusha. Ikaangukia moja. Jini akacheka akajishika mbavu. "Kisima kipo, ila kimefukiwa hadi mdomoni. Wafanyaje?"

"Nachimba."

Na akachimba kwa mikono, na kucha zikamvunjika, na akalia kwa uchungu na hasira, na akailaani mito ya dhahabu na yeye mwenyewe aliyeipaka, na kila jini alipouliza, "Sasa wafanyaje?" jibu lilikuwa lile lile, "Nachimba." Tamimu akajiburura, akaanza kuusogeza mchanga. Hata ukaja udongo mbichi, kisha matope, kisha maji.

Tamimu akanywa. Bishara, kabla hajayagusa kwa ulimi, akadondosha tone kidauni, akachora mlango uliopinda, mbaya kuliko vyote alivyowahi kuchora, na wakatokea zuliani wametapakaa matope hadi viwikoni.

Sultani akawakumbatia wote wawili na matope yao. Tamimu akapiga magoti. "Bishara binti Wardi, nakuposa mbele ya baraza. Wafanyaje?"

"Naolewa," akajibu, na baraza zima likaangua kicheko.

Daumari, kiapo kilipomtoka, aliikwangua dhahabu ya mito yote akawatunza maarusi, wakatajirika wao na wana wao. Nawe unayewabunia watu dunia, usiijaze yote. Waachie mahali pa kuchimba kisima chao.

Na Sultani Ruknudini, kila alipoletewa ramani mpya, alitafuta kwanza ule weupe, akaulaza mkono wake hapo, apime kama kiganja kinaenea.