Perege Aliyegawanywa

Hapo zamani, katika nchi ya bara yenye ziwa dogo, ambalo mtu akianza kulizunguka alfajiri hurudi alipoanzia kabla jua halijafika utosini, alitawala Mtemi Shigela. Mtemi huyu hakupenda vita, wala mali haikumsumbua sana, alipenda samaki aina ya perege. Kila adhuhuri aliletewa mmoja, mpana, mwenye kujaza sinia hata mkia ukaning'inia nje.

Tena nchi ile ilikuwa na desturi njema. Mwanamke akijifungua, wavuvi walimpelekea perege mmoja kila siku kwa siku arobaini, urefu wake toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, apikiwe mchuzi maziwa yashuke. Hakuna aliyeuliza mume wake ni nani wala ana nini. Samaki huyo aliitwa haki ya mzazi.

Basi siku moja mtemi alikuwa ameketi ukingoni mwa ziwa, mara kambare mkubwa, mwenye masharubu kama mzee wa baraza, akapanda kutoka kilindini, akafunua kinywa, akameza perege wachanga kumi kwa mpigo mmoja. Mtemi akaghadhibika.

"Mbele ya macho yangu!" akasema. "Hata kuona haya hajui!"

Lakini kumuua hakuweza, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa na mwiko wa kumwaga damu ya kambare. Basi akatoa amri, na Lugata, msemaji wake, akaitangaza kwa ngoma: "Yeyote mwenye kumeza wadogo wa ziwa hili apelekwe ng'ambo ya kilima, wala asirudi!"

Kazi hiyo akapewa Mihayo. Mihayo alikuwa mfuma migono, ile mitego ya matete, naye alikuwa fukara kiasi kwamba panya waliohamia kwake walihama wenyewe. Watu walimwita Mjinga, kwa sababu akiambiwa jambo hulitenda kama lilivyosemwa. Jirani aliposafiri alimwambia aitazame nyumba, naye akaketi mbele yake akaitazama siku mbili, huku mbuzi wakila mtama wote nyuma.

Mihayo alipoisikia amri akapiga magoti. "Mtemi wangu, kambare ndiye mchungaji wa mle majini. Akiondoka, watoto watajaa."

Mtemi akacheka. "Watoto kujaa ni neema, Mjinga wewe."

"Ni neema, mtemi wangu, chungu kikiwa kikubwa."

Hakuna aliyemsikiliza. Basi akawanasa kambare wote, akawabeba mitungini, mtungi baada ya mtungi, akawamimina ng'ambo ya kilima katika lambo la kunyweshea ng'ombe wa mtemi. Na perege wachanga wachache waliokuwamo mitungini wakaingia pamoja nao. Lambo lile lilikuwa la mtemi, na hapakuwa na ruhusa ya kuvua humo.

Mwaka wa kwanza perege wakaongezeka, watu wakashangilia. Mwaka wa pili wakajaa hata ukichota maji kwa kata unatoka na watatu. Mwaka wa tatu wakadumaa, maana chakula kilikuwa kilekile na vinywa havihesabiki. Samaki wa kimo cha kidole gumba alikuwa tayari mama, amewabeba watoto wake kinywani kama perege wafanyavyo, na mwenyewe ana njaa. Maji yakawa mazito, ya kijani, kama mlenda. Sinia la mtemi likawa linajazwa samaki arobaini, miiba mitupu, naye akiinuka hajashiba.

Ikawa mwaka huo Nyanzala, mkewe Mihayo, akajifungua mtoto wa kike. Wavuvi hawakuisahau desturi. Kila asubuhi waliacha mlangoni samaki waliofungwa katika jani, wakubwa kuliko wote waliowapata, nao hawakuzidi kidole. Kuna mtu mmoja ambaye hakujulikana, yeye wa kwake alikuwa amekwisha kuwatoa miiba, mmoja mmoja. Hata hivyo mchuzi ulikuwa maji tu, na siku ya tano mtoto akavuta titi, akaliacha, akalia.

"Mume wangu," akasema Nyanzala, "mimi nakunywa maji, mwanao anakunywa machozi. Perege mmoja tu. Mmoja mkubwa."

"Wapo, mke wangu. Lamboni."

"Wale si wa mtemi?"

"Ni wa mtemi."

"Basi waache. Sitaki mwanangu aanze dunia kwa kunyonya wizi."

Mihayo akachukua mgono wake, akarudi ziwani.

Siku ya saba mtemi, njaa imempanda kichwani, akamwita. "Wewe ndiwe uliyeyatabiri haya, bila shaka ndiwe uliyeyaloga. Nakupa siku mbili uniletee, kutoka ziwa hili, perege wa kujaza sinia langu. Ukishindwa, wewe na mkeo na kichanga chenu mtaihama nchi yangu."

Lugata akasema taratibu, "Mtemi, mzazi hajamaliza hata siku kumi."

"Nimekwisha kusema."

Basi siku ya tisa Mihayo akafika barazani, sinia kichwani, limefunikwa kawa, na nyuma yake wavuvi wanne wamebeba machela tupu. Mtemi akaifunua kawa kwa mkono wake. Mlikuwa na perege wadogo mia tatu, wamepangwa vizuri, hawa wakafanya kichwa, hawa mapezi, hawa tumbo, na wachache wakafanya mkia ulioning'inia nje.

"Ni nini hiki?"

"Perege wa kujaza sinia, mtemi wangu. Kutoka ziwa hili."

"Hawa ni mia tatu!"

"Ni mmoja, mtemi wangu. Amegawanywa. Chakula cha kumkuza mmoja kimeliwa na vinywa mia tatu, basi kila mmoja akapata kipande chake cha ukubwa."

"Nani amemgawanya?"

"Amri."

Mtu mmoja akakohoa, akajuta.

"Basi muunganishe!" akasema mtemi.

"Inawezekana, ila fundi wa kazi hiyo ni kambare. Yeye huwapunguza, nao wanaobaki hula wakashiba, wakanenepa. Mrudishe, kisha ungoje mvua mbili."

Mtemi akatikisa kichwa. "Nilisema asirudi. Neno la mtemi ni mate, yakishatemwa hayarambwi. Ninyi nyote mashahidi."

"Nilijua, mtemi wangu. Ndiyo maana nimekuja na machela."

"Machela ya nini?"

"Ya kukubeba. Ngoma ililia: yeyote mwenye kumeza wadogo wa ziwa hili. Nawe jana adhuhuri umemeza arobaini, na juzi arobaini na watatu. Lugata yupo, aulizwe."

Lugata akatazama chini. "Arobaini na wanne, mtemi. Mmoja alianguka, ukamwokota."

Mtemi angeweza kuita mikuki, lakini neno lake alikuwa amelifunga mwenyewe mbele ya watu punde ile. Akainuka, akapanda machela. "Haya, nibebeni. Tuone ujinga huu unaishia wapi."

Wakambeba wakapanda kilima, na wabebaji wakashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Walipofika lamboni, kambare wakaja juu na masharubu yao, wakazama. Nyuma yao mtemi akaona mgongo mpana wa perege.

"Tega mgono, nakuruhusu," akasema.

Mihayo akatega, akangoja, akavuta. Akatoka perege mmoja. Akamlaza juu ya sinia lililobebwa kutoka barazani, wale mia tatu wakiachwa huko, akalijaza, na mkia ukaning'inia nje. Mtemi akawekewa mapajani, mate yakamjaa.

"Nirudisheni nyumbani, upesi, nikale."

"Asirudi, mtemi wangu," akasema Mihayo. "Ndivyo ilivyolia ngoma."

"Nilale hapa na ng'ombe?"

"Wenzio wamelala hapa miaka mitatu. Ukitaka kurudi, waweza. Lakini njia ikimpitisha mmoja, itawazuiaje wengine wa kosa lilelile?"

Mtemi akamtazama kambare mmoja aliyeibuka tena, na kambare akamtazama mtemi, na wote wawili walikuwa na masharubu. Ndipo mtemi alipoanza kucheka, akacheka hata wabebaji wakamsihi atulie wasimwangushe. "Lugata, piga ngoma! Waambie wote tuliofukuzwa kwa kumeza wadogo tunarudi leo, mimi nikiwa mbele!"

Basi ikaletwa mitungi. Mtemi akamtazama tena perege wake, kisha akauliza, "Mihayo, mkeo ana siku ya ngapi?"

"Ya tisa, mtemi wangu."

Mtemi akameza mate. Akavua nguo ya begani, akamfunika yule samaki. "Nipitisheni kwake kwanza. Nawe utege humu kila siku, hata arobaini zitimie, na mzazi yeyote atakayefuata vilevile, mpaka ziwa lipone."

Walipofika mlangoni hakumtuma mtu. Akashuka mwenyewe, akalishika sinia kwa mikono miwili. "Mama, pokea haki yako. Imechelewa siku tisa, na kosa ni langu."

Jioni ile mtoto alivuta titi, hakuliacha, akasinzia na tone la maziwa pembeni mwa mdomo.

Naye mtemi akarudi barazani na njaa yake, akakuta wale mia tatu wamekwisha kukaangwa. Akaketi, akamla perege wake aliyegawanywa, kipande kwa kipande, akitoa miiba, wala hakulalamika.