Vigingi Vyekundu na Vigingi vya Buluu

Paukwa!

Pakawa!

Watoto nimewasikia. Wazee bado. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekuwa wengi. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, mbali kaskazini, katika nchi ya Uskoti, palikuwa na msitu wa misonobari. Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika mchana, ikarudi jioni. Wanyama wa msitu ule hawakulalamika. Walijikung'uta maji, wakaambiana kwamba leo si haba.

Msitu ulikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya miguu. Ilipita bondeni, tambarare, kando ya kijito, na vigingi vyake vilipakwa rangi nyekundu. Njia ya pili ilikuwa ya magurudumu. Ilipanda kilima, ikashuka kilima, ikapita ukingoni mwa kinamasi, na vigingi vyake vilikuwa vya buluu. Wanyama walikubaliana hivyo barazani, mbele ya Mzee Kulungu mwenye pembe kubwa. Hakuna aliyepinga, kwa sababu siku ile hakukuwa na mnyama mwenye magurudumu.

Mlinzi wa vigingi alikuwa Mama Kalunguyeye. Mnajua alivyo: mdogo, miiba mgongoni, miguu mifupi kama vidole. Kila siku alitembea njia nyekundu. Tiki, tiki, tiki. Akifika kwenye kigingi, anakinusa. Kilichoinama anakiinua. Kilicholegea anakishindilia udongo. Tiki, tiki, tiki, mpaka kingine. Vilikuwa arobaini. Alianza umande haujakauka, akamaliza jua likizama. Wenzake walicheka kidogo. Yeye aliipenda kazi yake, wala hakumweleza mtu.

Basi mwanadamu mmoja akaegemeza baiskeli yake kwenye uzio, akaondoka, asirudi. Wanyama walimsubiri msimu mzima, wasije wakaitwa wezi. Kisha Mbweha akaichukua. Siku ya kwanza alianguka. Siku ya pili alianguka. Siku ya tatu ulianguka uzio. Siku ya nne Mbweha akajua kuendesha.

Chwiiiri! Kirin kirin! Huyo anapita. Alipeleka habari upande huu, akapeleka dawa upande ule. Msitu mzima ukampenda, na yeye mwenyewe akajipenda zaidi ya msitu. Shida ilikuwa moja, kilima. Kila siku Mbweha alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma kupanda, ulimi nje, huku akiiona njia nyekundu kule chini, imelala tambarare, haina mtu.

Lakini Mbweha hakuwa mvunja sheria. Sheria ilisema magurudumu yafuate buluu, naye aliiheshimu. Basi akasubiri. Siku moja Mama Kalunguyeye alichomwa na mwiba mguuni, akalala ndani siku mbili. Siku hizo mbili Mbweha alifanya kazi kuliko alivyopata kufanya maishani. Aling'oa vigingi vyekundu arobaini, akavipeleka kilimani. Aling'oa vya buluu arobaini, akavileta bondeni. Alifanya hivyo ili asipande tena kilima cha robo saa.

Siku ya tatu Mama Kalunguyeye akatoka. Tiki, tiki, tiki. Akanusa kigingi cha kwanza. Udongo wake ulikuwa mbichi, na rangi yake ilikuwa buluu. Akarudi nyuma, akaangalia tena. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kulungu, naye akaitisha baraza.

Mama Kalunguyeye alieleza taratibu, kama alivyotembea. Mbweha alieleza haraka, kwamba vigingi viko palepale vilipokuwa siku zote. Alisema yeye huizunguka njia yote kabla ya chai, na mama huyu hutumia siku nzima kwa nusu yake. Nani kati yao anaijua njia? Wanyama wakatazamana. Mmoja akacheka, wakacheka wote.

Mzee Kulungu hakucheka, ila alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akasema vigingi vibaki vilivyo. Akasema pia kwamba Mama Kalunguyeye ni mgonjwa wa mguu, apumzike, na Mbweha awe mlinzi wa vigingi.

Mama Kalunguyeye akarudi nyumbani. Akajikunja akawa duara, uso ndani, miiba nje. Hakulia. Alikaa tu hivyo, akihesabu moyoni, kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arobaini, kisha akaanza upya.

Kesho yake Bibi Sungura alifunga safari. Bintiye alikuwa amejifungua ng'ambo ya msitu, naye alibeba kikapu cha majani laini ya mzazi. Bibi Sungura macho yake yalikuwa yamefifia. Alichoweza kuona ni rangi nyekundu, tena kwa karibu. Akatafuta mpaka akakiona kigingi chekundu, akakifuata, kisha kingine, kisha kingine. Ukungu ukashuka.

Mchana ukafika kwa binti, bibi hakufika. Habari zikaenea. Mbweha akarukia baiskeli. Chwiiiri! Kirin kirin! Akazunguka bondeni, akazunguka kilimani, mara tatu. Akarudi akasema amepita kila mahali na hakuna kitu.

Mama Kalunguyeye alisikia hayo akiwa mlangoni kwake. Hakusubiri kutumwa. Alikata shauri kwamba bibi yuko kule vigingi vyekundu vilikohamia. Akashika njia ya kilima, mguu ukimuuma, pua chini. Tiki, tiki, tiki. Kigingi. Akasimama, akasikiliza. Tiki, tiki, tiki. Kigingi. Akasikiliza. Aliogopa kufika, na aliogopa zaidi kuchelewa.

Kwenye kigingi cha thelathini na moja akasikia sauti nyembamba kutoka kinamasini. Bibi Sungura alikuwa amezama matopeni mpaka kifuani, kikapu amekiinua juu ya kichwa.

"Mama Kalunguyeye," alisema, "niliona njia inapanda. Nikadhani ni miguu yangu imezeeka."

Mama Kalunguyeye akapiga kelele kwa nguvu zote za kifua chake kidogo. Mzee Kulungu akaja mbio, akainamisha pembe, bibi akazishika, akavutwa. Wote wakaja, na Mbweha akaja. Bibi Sungura, akitetemeka, akaeleza kwamba kengele ilimpita mara tatu, na mara tatu aliita. Kirin kirin ikaifunika sauti yake.

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Kulungu akamuuliza Mbweha nani alihamisha vigingi. Mbweha akatazama miguu yake.

"Ni mimi," akasema.

Mzee Kulungu akamwomba radhi Mama Kalunguyeye mbele ya wote, akamrudishia kazi yake. Baiskeli hakuinyang'anya, kwa maana dawa bado zilitakiwa kupelekwa. Alimwamuru Mbweha avirudishe vigingi vyote themanini, kisha mwezi mzima atembee njia nyekundu kwa miguu, nyuma ya Mama Kalunguyeye, bila kumpita.

Wakaanza. Tiki, tiki, tiki. Mbweha aliinua mguu, akauweka palepale. Adhuhuri walikuwa kigingi cha kumi na tisa. Pale palikuwa na mlango mdogo chini ya mzizi, umefagiliwa.

"Nyumba ya nani hii?" Mbweha akauliza. "Nimepita hapa mara nyingi, sijaiona."

"Ya Bibi Sungura," akasema Mama Kalunguyeye, na akainama kukishindilia kigingi udongo.

Mbweha akainama upande wa pili, akashindilia naye.

Watoto, na nyie wazee, fundisho lake ni hili. Njia ya wote hupimwa kwa hatua ya anayekwenda polepole, na aliyepewa alama za njia asizihamishe kwa ajili ya wepesi wake, kwa sababu yuko asiyemwona anayezifuata.

Hadithi yangu imefika kigingi cha mwisho, nami naishia hapo.