Mbuzi wa Mwasiti na Intaneti Iliyokatika

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, aliishi Morogoro mwalimu aitwaye Mwasiti. Alifundisha Kiswahili kwa kompyuta, yeye sebuleni kwake, wanafunzi wake ng'ambo. Lakini intaneti ya nyumba ile ilikuwa na kichaa chake. Inakuja, inakatika. Anasema, "Haya, rudieni," nyuso zinaganda kwenye kioo, midomo wazi. Wanafunzi wawili wakamkimbia. Kisha chuo kimoja kikamwita kwenye usaili wa mtandaoni, Ijumaa saa nne asubuhi.

"Nimechoka!" akapiga kelele. "Atakayeniwezesha kumaliza usaili huu bila kukatika, mbuzi wangu wa maziwa ni wake!"

Akaja Kilango, fundi wa kampuni. "Zima, washa," akasema, akaondoka. Ikakatika. Akaitwa tena. "Zima, washa." Ikakatika hata hajafika kona. Mara ya tatu Mwasiti akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo hutoki, fundi."

Kilango akapanda nguzo juani, akakuta waya wa intaneti umetafunwa na panya. Akaubadilisha wote, akashuka viganja vimechubuka. Intaneti ikapona, lakini nusu. Jumatatu asubuhi ikakatika tena mara nne. Mwasiti nusura alie.

Mama mkwe wake, Bi Chausiku, alikuwa ameketi kutwa akikodolea macho taa za kile kiboksi cha intaneti. "Mkwe wangu," akasema, "kila pampu ya jirani ikinguruma, taa hizi zinazimika."

"Mama, tafadhali! Pampu na intaneti wapi na wapi?"

Bi Chausiku akarudisha macho kwenye taa zake. Jumatano pampu ikanguruma, taa zikazimika, na safari hii Mwasiti aliona mwenyewe. Nyumba zote mbili zilivuta umeme kwenye waya mmoja wa umeme, mchovu. Pampu ikiwaka, kiboksi kinakosa nguvu. Aibu ikamshika.

Akaenda kwa jirani, Mpoki. "Kaka, nisaidie. Ijumaa asubuhi usiwashe pampu."

Mpoki akatazama miche yake ya nyanya. Maji ya mtaani yalitoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu, asubuhi, na bila pampu hayakufika bustanini. Akavuta pumzi. "Sawa, dada."

Ijumaa maji yakaja, yakaenda, pampu kimya. Mwasiti akajibu maswali yote bila kukatika hata mara moja. Akapata kazi. Jumatatu, nusu ya miche ya Mpoki ilikuwa imekauka.

Ndipo fundi, mama mkwe na jirani wakakutana uani kwa Mwasiti, penye mbuzi, kila mmoja akimdai.

"Panya walikuwa wamekula waya," akasema Kilango. "Bila mimi, hata pampu zote za Morogoro zingezimwa, nani angekusikia?"

"Ulikuja mara tatu na vifaa vyako," akasema Bi Chausiku, "hukuona nilichokiona mimi kwa macho haya ya uzee. Na juu ya hayo nikafokewa."

"Fundi alikuwa kazini kwake, analipwa; mama, wewe ulikuwa umekaa kitini," akasema Mpoki. "Mimi intaneti hii hainihusu, na ni mimi niliyepata hasara."

Mwasiti akajishika kichwa. Usaili wa chuo ulikuwa mwepesi kuliko huu. Kila aliyemtazama, alimwona ana haki. Na mbuzi ni mmoja.

Nanyi mliokaa mkasikiliza, msinicheke, semeni: kamba ya mbuzi yule, nani alistahili kukabidhiwa?