Kiapo cha Bibi Umaima

Wametusimulia waliotutangulia, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mwanachuoni aitwaye Sheikh Dhirari, Allah amrehemu. Alifundisha kuwa mja amepewa hiari, naye ataulizwa alivyoitumia. Mwanafunzi wake wa kwanza, tena hodari kuliko wote, alikuwa mkewe, Bibi Umaima.

Ijumaa moja khatibu alipanda mimbari akawaambia watu kuwa nafaka ambayo amiri aliwapokonya wajane ilikuwa kadari ya Allah, basi wasubiri. Lo! Sheikh Dhirari akasimama hotuba ikiendelea. "Ukame ni kadari," akasema. "Huu ni wizi, na amiri ameuchagua mwenyewe." Wakamkamata palepale. Adhabu ya maneno yale ilikuwa kifo.

Kadhi alimpenda Sheikh, akamtafutia upenyo. Sheria haimhesabii mwendawazimu neno wala tendo. Basi akamwita Bibi Umaima faragha. "Binti yangu, wewe apa tu kwamba mumeo amerukwa na akili. Jioni mtakula pamoja."

Jamani, nani asingetaka? Bibi yule alimpenda mumewe kupita kiasi, na neno moja tu lingemrudisha nyumbani. Alilia njia nzima hadi mahakamani.

Mbele ya watu akaweka mkono juu ya Msahafu, akajifuta machozi, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Naapa kwa Allah, mume wangu ana akili timamu. Alilolisema alilichagua. Nami nimechagua kusema kweli."

Kadhi akashika kichwa. "Umemuua, mama!"

"La," akajibu Sheikh akiwa minyororoni, uso umemkunjuka kwa furaha. "Nyinyi mlitaka kunihurumia kama mtoto asiyejua atendalo. Huyu amenishuhudia kuwa mtu. Alhamdulillahi, nimepata mke!"

Wakamuua kabla ya adhuhuri. Wanawake walipomwendea Bibi Umaima edani, wakianza kumlilia, yeye aliketi wima, macho mekundu, shingo haikuinama. "Pole zenu nimezipokea, Allah awalipe," akawaambia. "Sasa nipeni na hongera."

Ndugu zangu, sisi tukiteleza kidogo tu twasema shetani alinipitia, au ndivyo nilivyoandikiwa. Mola atujaalie siku ile tusimame na matendo yetu tuseme: Ewe Mola, haya ni yangu.